Mlimau wangu na baridi ya Minneapolis

Mimi ni wa Muheza kwa hiyo mnaelewa. Kwetu chungwa halihesabiwi moja moja, linaenda kwa tenga, na mtoto hakatazwi kupanda juu ya mchungwa, anakatazwa tu kuja kulia ndani akishang'atwa na majimoto. Sasa mtu aliyekulia hivyo mlete Minnesota, mwingize supamaketi, anakuta ndimu kubwa za kijani zinang'aa kama zimepakwa mafuta, ananunua, anafika nyumbani anakata, mbegu hamna hata moja na harufu ni ya kubahatisha. Miaka miwili nilidhani pua yangu ndo imeharibiwa na baridi. Kumbe zile ni aina nyingine, huku wanaziita za Kiajemi, hazina mbegu kabisa, na ndimu yetu ile ndogo ya ganda jembamba ipo, ila unaifuata kwenye maduka ya Wamexico, inauzwa kwenye vineti. Siku nimekata ya kwanza mke wangu akaita toka chumbani, "Umepata wapi samaki?" Hatukuwa na samaki.

Basi nikatoa mbegu 9, nikazifunga kwenye tishu yenye maji, nikaziweka juu ya friji kwenye joto, zikaota 6. Moja ilitoa miche miwili toka mbegu hiyo hiyo, usishangae, ndimu ndo zilivyo, na ndo maana mche wa mbegu mara nyingi unafanana na mama yake. Shida ni kusubiri. Mndimu wa mbegu unaweza kukukalisha miaka mitatu, minne, mitano na zaidi hujaona ua, kwa hiyo uvumilivu uliponiishia nikaagiza mlimau mkubwa kidogo, ulikuwa unanifika gotini, ile aina inaitwa Meyer. Jamaa Frank Meyer ndo aliuleta Marekani kutoka Uchina mwaka 1908, na kule Wachina walikuwa wanaufuga kwenye vyungu majumbani, yaani mti wenyewe ulishazoea kukaa ndani kabla yangu. Ile ya mwanzo ilikuwa na kirusi kinachoua michungwa, ndo California wakatoa iliyo safi mwaka 1975, hii tunayonunua siku hizi.

(Na kwa wale mnaoniuliza kwa nini nisibebe tu mche toka nyumbani: msithubutu. Michungwa ya Florida imeumizwa vibaya na ugonjwa wa majani kuwa manjano tangu ulipogundulika kule 2005, na mche unaweza kubeba ugonjwa, na pale uwanja wa ndege hawacheki na mtu mwenye mche kwenye begi.)

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe. Mwezi wa kwanza, baridi yangu ya kwanza na huu mti. Nje nyuzi 27 chini ya sifuri, ndani 21, mimi na singilendi, nimeuweka mti sakafuni mbele ya mlango mkubwa wa kioo wa balkoni unaotazama kusini ili upate jua, maana jua la huku wakati huo ni la kugombania, mchana wenyewe ni masaa 9 hivi. Nikajiona mjanja. Wiki ya pili majani yakaanza kudondoka. Na si majani makavu wala ya njano, ni majani mabichi kabisa ya kijani, unapita tu karibu na mti yanakuangukia mguuni, tap, tap. Mimi nikasema huu mti una kiu, hewa ya hita inakausha kila kitu humu ndani hadi midomo inapasuka, nikaumwagilia. Yakazidi kudondoka. Nikaumwagilia zaidi. Kufika mwisho wa mwezi nina fimbo yenye majani 11, niliyahesabu.

Nikampigia mama video, shikamoo mama, marahaba, nikamwonyesha. Akauangalia kimya, afu akauliza, "Umekanyaga hapo chini bila viatu?" Nikasema hapana mama, huku tunavaa soksi hadi usingizini. "Vua."

Nikavua. Aisee. Ile vigae ya pembeni ya mlango ilikuwa kama sakafu ya bucha. Nikachukua kile kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, nikakizamisha kwenye udongo wa chungu, kikasoma nyuzi 11. Mimi nilikuwa napima joto la hewa, mti ulikuwa unaumwa miguu. Nilivyokuja kusoma baadaye ndo nikaelewa, mizizi ya jamii hii ya machungwa ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi inakaribia kulala kabisa, haivuti maji, lakini huku juu jua la kwenye kioo linapiga majani na majani yanadai maji, yakikosa mti unaamua kuyatupa. Na yale maji yangu yote yalikuwa yamekaa tu kwenye udongo wa baridi yanasubiri kuozesha mizizi. Yaani nilikuwa namlazimisha mgonjwa anywe uji amelala.

Nilichofanya ni kitu kidogo tu. Nikausogeza mbali na kioo karibu hatua moja, nikaupandisha juu ya kistuli cha mbao na kipande cha stairofomu ya boksi la tivii chini ya chungu, na chini ya chungu nikaweka ule mkeka wa umeme wa kuoteshea mbegu. Maji nikaacha kutoa kwa kalenda, natumbukiza kidole hadi pingili ya pili, kukiwa na unyevu nafunga mdomo naondoka. Taa ya LED juu, masaa 13. Wiki sita hakuna kitu, afu siku moja nikaona vichwa vidogo vya zambarau vinachomoza kwenye vijiti. Nilimwita mke wangu kama nyumba inaungua. Mama alipoambiwa kuhusu mkeka wa umeme alicheka hadi simu ikamponyoka, "kwa hiyo unalipia bili ya umeme ya mlimau", na hadi leo akipiga anaanza kuulizia mti, mimi baadaye.

Kuna na utitiri, sitasema mengi, wanapenda hewa kavu, ukiona majani yana vidoti na utando mwembamba kama wa buibui beba mti bafuni uoge, majani upande wa chini hasa, kila wiki. Na majani yakigeuka manjano huku mishipa imebaki kijani, hapo mara nyingi mti umekosa madini ya chuma.

Kutoa nje ni katikati ya mwezi wa 5, kurudisha kabla ya mwezi wa 10. Versailles kule Ufaransa wana jumba zima la kulaza michungwa ya mfalme, Louis XIV alijengewa, lilikamilika 1686, na ratiba yao inakaribiana na hiyo, mimi jumba langu ni sebule na wabebaji ni mimi na shemeji yangu. Mwaka wa kwanza niliutoa moja kwa moja juani, ukaungua majani yakawa meupe, sasa naanza na kivulini wiki moja au mbili.

Maua yalikuja mwezi wa pili mwaka uliofuata, nje theluji ya magotini, ndani unanuka Muheza. Nyuki hamna, nikatumia brashi ya poda ya mke wangu (alijua baadaye). Vilifunga vilimau 31, vikapukutika vikabaki 4, nikaambiwa hiyo ni kawaida. Vimekaa mtini karibu miezi minane na vilipoiva vikawa njano ya kung'aa, karibu na rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Mama akauliza mbona limepakwa rangi. Nikamwambia ni baridi, ganda likipata usiku wa baridi ndo linaacha ukijani, chungwa letu la kwetu linaiva likiwa kijani kwa sababu halijawahi kuonja baridi. Akasema basi bora letu.

Ule mndimu wa mbegu nao upo, mmoja tu kati ya saba ulibaki. Mwaka wa tano, ua hata moja, miiba tu, mirefu, umeshachana pazia. Nilishawaza kuutupa. Wiki iliyopita nimeshikwa na mafua makali, nikasikia kisu jikoni, kwenda kuangalia mke wangu kashakata tawi zima, majani yamo kwenye sufuria yanachemka na blanketi lipo begani. Kengele ya moshi ililia mara mbili. Nilijifukiza hivyo hivyo.