Wale wa Chini

Nakala ya kwanza niliyowahi kuishika ya The Time Machine, riwaya ya H. G. Wells kuhusu mtu anayesafiri kwa mashine hadi wakati ujao, haikuwa na mwisho. Kurasa zilikuwa zimeng'oka, na zilizobaki zilikatikia mahali pabaya kuliko pote. Msafiri na Weena, rafiki yake wa huko wakati ujao, ndiyo kwanza wanatoka kwenye magofu ya jumba la makumbusho. Mfukoni ana kiberiti na kafuri, mkononi ana chuma alichokivunja kwenye mtambo mmojawapo. Jua linazama, na mbele yao kuna msitu wa kuvuka. Basi. Baada ya hapo ni jalada.

Kitabu kilikuwa cha mjomba wangu, mdogo wake mama, fundi mitambo wa kiwandani aliyefanya shifti ya usiku miaka mingi, hata mchana akawa anatembea amekunja uso kama mtu anayemulikwa tochi. Alinipa nikiwa na miaka 12. Nilipomlalamikia habari za kurasa alisema, "Zilizobaki zinakutosha." Hazikunitosha hata kidogo. Nilimwacha Weena ukingoni mwa ule msitu miezi mingi, na kila nilipozima taa nilimtungia njia mpya ya kutokea upande wa pili.

Ndiyo maana jioni aliyokuja na kanda ya video chini ya kwapa nilimrukia kabla hajaketi.

"Mjomba," alisema (sisi huitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake), "kile kitabu chako kimo humu. Kizima."

Ilikuwa filamu ya mwaka 1960, ya George Pal, yule mzaliwa wa Hungaria ambaye miaka saba kabla alikuwa ametayarisha The War of the Worlds, nayo ikitokana na riwaya ya Wells. Mjomba alikuwa na saa tatu kabla ya shifti. Tukazima taa.

Nusu saa ya kwanza sikupumua. Msafiri anasukuma kile kijiti cha mashine, mshumaa unayeyuka mbele ya macho yako, maua yanafumbua na kufumba, jua linakimbia angani kama limefukuzwa. Ng'ambo ya barabara kuna duka la nguo, na dirishani kuna sanamu ya kike. Sanamu haizeeki, ila nguo zake zinabadilika, sketi zinapanda na kushuka, na kwa nguo hizo peke yake unajua miaka inapita. Kitabuni sanamu hiyo haimo. Baadaye nilipojua kwamba Wells mwenyewe ujanani alifungwa na kazi ya uanagenzi kwenye maduka ya vitambaa, kazi aliyoichukia, niliona kama Pal amemrudisha dukani kwa mlango wa nyuma. Filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha hizo, na mpaka leo sioni aibu kusema ilistahili.

Kisha mashine ikaanza kusimama njiani. 1917, vita. 1940, vita tena, mabomu yanaanguka. 1966, king'ora, watu wanakimbilia chini ya ardhi, na bomu la atomiki. Nikamtazama mjomba, maana riwaya ilitoka mwaka 1895 na hivyo vyote havikuwamo. Hakusema kitu. Alikuwa anasubiri.

Mimi nilikuwa namsubiri Weena. Alipotokea nilishtuka kidogo. Wangu wa kitabuni alikuwa mdogo kama mtoto, na lugha yake haikueleweka. Huyu alikuwa binti mzima mwenye nywele za dhahabu na anayezungumza Kiingereza. Lakini moyo wa mtoto haujui kinyongo. Dakika tano baadaye nilikuwa nimemhamisha yule wa kwanza na kumpangisha huyu chumba kilekile.

Ikaja sehemu ya pete zinazosema. Msafiri anazizungusha juu ya meza, nazo zinasimulia zilikotoka jamii mbili za mwaka 802701. Vita vya mashariki na magharibi vilidumu zaidi ya miaka 300, hewa ikachafuka. Waliobaki hai, wengine wakaamua kuishi mapangoni, wengine wakajaribu bahati yao juu, kwenye jua. Wa juu wakawa Eloi, wa chini wakawa Morlock. King'ora kikilia, Eloi wanatembea wenyewe mpaka mdomoni mwa Morlock kama waliolala, kwa sababu mababu zao walizoea kukimbilia chini wakisikia sauti hiyo.

Mjomba akabonyeza deki. Picha ikaganda.

"Wametutoa," alisema.

"Nani?"

"Sisi. Wa chini."

Akawasha taa, akakichukua kitabu kilichochanika, akafungua bila kutafuta, maana ukurasa ule ulikuwa umeshazoea kufunguka. Akanisomea pale Msafiri anapokisia kilichotokea. Hakuna vita. Ni matajiri na wafanyakazi tu, wakizidi kuachana kizazi baada ya kizazi. Wenye mali wanajitwalia uso wa dunia, viwanda vinazidi kuzamishwa ardhini pamoja na watu wake, mpaka watu hao wanaacha kufanana na wenzao. Wells alikuwa na London machoni, na reli zake za chini ya ardhi na karakana zake zisizoona jua. Anauliza kama mfanyakazi wa mashariki ya jiji hilo hakuwa tayari ametengwa na uso wa dunia. Wala hakuyatoa hewani. Mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi katika jumba kubwa la Uppark, huko Sussex, ambako vyakula vilifika mezani kwa kupitia njia za chini kwa chini.

"Umeona?" mjomba alisema. "Kitabuni tumetengenezwa. Humu tumejichagulia wenyewe pango."

Nilimwambia ndiyo, nimeona. Sikuwa nimeona kitu. Nilitaka awashe deki.

Akawasha. Eloi mmoja akajifunza kukunja ngumi, mapango yakaungua na kuporomoka, Msafiri akaponea chupuchupu mpaka nyumbani mwaka 1900. Kisha akaondoka tena kwa siri, na rafiki yake Filby akakuta rafuni pengo la vitabu vitatu. Amerudi kwa Weena. Filby anamuuliza mtunza nyumba: wewe ungechukua vitatu vipi? Nilipiga makofi, peke yangu.

"Na kitabuni, mjomba? Anarudi pia?"

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akakaa nazo mkononi kidogo. "Kitabuni anaondoka tena na mashine yake," alisema. "Haonekani tena."

Nikalala na furaha. Ni jibu la kweli tupu, neno kwa neno, nami nikalitafsiri nilivyotaka.

Mlangoni aligeuka. "Hivyo vitabu vitatu, kimoja kingekuwa cha ushonaji. Wa chini ndio waliowavisha wa juu. Sasa nani atawashonea?"

Miaka kumi na mmoja baadaye nilipata nakala nzima. Nilianzia msituni, kwa miguu yangu mwenyewe kama mtu anayerudi kwenye ajali. Giza, Morlock, kafuri inawashwa, moto wa Msafiri mwenyewe unaukamata msitu, na Weena hayupo. Hata mwili wake haupatikani. Kisha Msafiri anaenda mbele sana, kwenye ufuko ulionyamaza chini ya jua kubwa jekundu, na kaa wakubwa wakijikokota, halafu mbele tena, zaidi ya miaka milioni 30, ambako hata kaa hao hawapo. Sura hiyo Pal hakuigusa. Kutoka kwa Weena yanabaki maua mawili yaliyonyauka, mfukoni.

Wengi hukasirikia filamu kwa kukisaliti kitabu. Mimi nilikikasirikia kitabu. Wells alikuwa ameniulia mtu aliyekuwa hai kwa miaka kumi na mmoja. Hasira iliponitoka ndipo nilipopasoma tena pale mjomba alipopazoea, nikakumbuka deki iliyogandishwa. Hapo katikati kitukuu wa Wells, Simon Wells, alikuwa ameongoza filamu nyingine, ya mwaka 2002. Humo kosa ni la mwezi: unapasuka mwaka 2037 kwa milipuko ya wachimbaji, na binadamu wanagawanyika. Mara ya kwanza ilikuwa vita, mara ya pili mwezi. Karakana haikurudi.

Nilimpigia simu usiku uleule, nikijua yuko kazini. Nyuma yake mitambo ilikuwa inanguruma.

"Mjomba, ulijua Weena amekufa. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama anarudi. Nikakujibu."

"Lakini ulijua nilichokuwa namaanisha."

Mitambo ikanguruma kidogo. "Nilijua," alisema. "Ila usiku ule uliulizia Weena tu, mjomba. Wale wa chini hukuwaulizia."