Bodi moja au mbili: kumbukumbu ya mradi wa boti ya kusafiria pwani

Wiki ya 1 na ya 2: swali lenyewe

Mradi unatafuta boti ya matanga ya watu wanne, ya kukaa baharini wiki tatu bila kutegemea bandari, kati ya Lamu na Kilwa. Kwenye orodha zimebaki mbili. A ni katamarani ya mbao za plaiwudi na epoksi, mita 10, bodi (viwiliwili vinavyoelea) mbili nyembamba zilizounganishwa kwa boriti tatu zinazofungwa kwa kamba. B ni boti ya bodi moja, ya faibaglasi, mita 9.2, yenye mikuku miwili mifupi, yaani mapezi yanayoshuka chini ya boti, kila mmoja upande wake. Ilikuwepo ya tatu, ya mkuku mmoja mrefu wa mita 1.6, ikaondolewa mapema kwa sababu itakayoonekana tukifika kwenye maji kupwa.

Wanaodhani katamarani ni jambo la wageni wakumbuke kwamba neno lenyewe ni la Kitamili, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja, na kwamba pwani yetu ina ngalawa tangu zamani. Ngalawa husimama kwa upana wa ndubi zake, yale maboya ya mbao ya pembeni, jahazi husimama kwa uzito wa farumi, mzigo wa kuituliza ulio chini. Swali la mradi huu ni hilohilo: chombo kishikwe na upana au kishikwe na uzito?

Wiki ya 3: hesabu ya kubisha

Hoja inayotolewa kwanza dhidi ya katamarani ni kwamba haibishi vizuri, yaani haiendi vizuri kwa mshazari kuelekea upepo unakotoka. Ni kweli kwa aina hii. Boti ya bodi moja yenye mkuku mzuri hugeuka kutoka joshi moja (mwendo wa kushika upepo upande mmoja) hadi jingine kwa nyuzi 90 hivi. Katamarani ya kusafiria isiyo na mbao za kushusha chini, nyuzi 100 hadi 110, maana husukumwa upande na kupotea kidogo kila inapokwenda. Boti B, kwa mikuku yake mifupi, iko katikati.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye maji yetu. Kutoka Mombasa hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni takriban maili 50 za baharini kwenda kusini. Mkondo wa pwani hii, kusini mwa Malindi, huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, hupata nguvu hadi noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) mahali pengine. Chukua noti 2 tu. Chombo kinachokwenda noti 5 na kugeuka kwa nyuzi 90 kinapata noti 3.5 za kuelekea upepo ulikotoka. Toa mkondo, zinabaki 1.5, yaani saa 33. Kinachogeuka kwa nyuzi 100 kinapata 3.2, zinabaki 1.2, yaani saa 42.

Tofauti ya nyuzi 10 imeleta saa tisa. Lakini soma namba zote mbili tena: saa 33 za kupigwa na mawimbi ya kusi kwa maili 50 nazo si safari. Hakuna nahodha wa jahazi aliyefanya hivyo kwa hiari. Wazee walishuka kusini kwa kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba hadi Machi, mkondo ukiwa umelegea, wakapanda kwa kusi mkondo ukiwasukuma. Ukifuata kalenda hiyo, sehemu kubwa ya mwaka upepo unatoka tezi (nyuma ya chombo) au ubavuni, na ubora wa kubisha unahitajika kwa vipande vifupi tu: kuingia mlango wa mwamba, kutoka hori, au asubuhi umande, upepo wa kutoka bara, unapovuma.

Na upepo ukitoka tezi, mambo yanageuka. Boti ya bodi moja huyumba kushoto na kulia mchana na usiku, foromali au bumu, miti inayoshika tanga, inagonga, sufuria haikai jikoni. Katamarani hukaa wima. Watu wanaochoka kidogo hufanya makosa machache, na hili kwangu lina uzito kuliko noti moja ya kasi.

Hoja ya kubisha imepewa nusu ya uzito iliyokuwa nayo mwanzoni.

Wiki ya 4: maji kupwa

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, bahari hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Kingo za ndani ya mwamba, mahali pazuri pa kulala, hubaki na mita moja ya maji au zisibaki na kitu. Boti yenye mkuku wa mita 1.6 hulala nje, kwenye mawimbi, au hutafuta mahali penye kina ambapo tayari pamejaa vyombo. Ndiyo sababu iliyoondoa ile ya tatu.

A inazama sentimita 65 ikiwa tupu, B mita 1.05. Zote zinaweza kupwelewa na kusimama zenyewe. Ila hazisimami sawasawa. B inasimama juu ya nukta mbili nzito: mkuku mmoja ukiangukia mchanga laini, boti inainama na kubaki hivyo saa sita. A inalala kwa urefu wa bodi zote mbili, uzito umeenea, lakini mbao zake ni nyembamba, na jiwe moja la ukubwa wa nazi likiwa chini ya bodi linatosha kuipasua. Kwa hiyo mahali pa kuipumzisha A hukaguliwa maji yakiwa nje, kwa miguu, ukichokoa mchanga kwa fimbo kila hatua, na kuweka alama mbili za mpaka kwa vijiti.

Saa zake hazisumbui. Siku za bamvua maji hujaa kama saa 10, alasiri na alfajiri, na kupwa kabisa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake kazi ya chini ya boti hupata mwanga wa kutosha, kutoka saa 2 hadi saa 6 mchana, bila kulipa winchi wala machela ya kupandishia boti. Kwa boti yenye upana wa mita 5 hili ni muhimu, kwa kuwa machela nyingi haziipokei.

Kosa la kuepuka: usipandishe chombo ufukweni siku ya kilele cha bamvua. Kesho yake maji yatajaa chini kidogo, keshokutwa chini zaidi, na utasubiri karibu wiki mbili ili yafike tena pale. Panda siku mbili au tatu kabla ya kilele, kila jaa lijalo liwe kubwa kuliko lililopita.

Wiki ya 5: mzigo, palipo na ukweli wote

Hapa ndipo katamarani nyingi huharibiwa, na wenyewe hulaumu muundo. Orodha ya mradi, watu wanne kwa siku 21:

Maji lita 4 kwa mtu kwa siku: kilo 340. Mafuta: 65. Betri: 60. Nanga mbili za kilo 16, mnyororo wa milimita 8 wa mita 50 na kamba: 110. Mtumbwi mdogo: 45. Chakula: 126. Watu: 300. Mizigo yao: 80. Vifaa na vipuri: 70. Jumla karibu kilo 1,200.

Kujua zitazamisha boti kiasi gani, pima eneo la bodi linalokatwa na uso wa maji. A: urefu mita 8.8, upana 0.75, zidisha kwa 0.7 kwa sababu ncha zimechongoka, kisha mara mbili. Inapatikana mita za mraba 9.2. Kila sentimita ya kuzama inabeba kilo 95. B: 8.0 kwa 2.5 kwa 0.68, ni mita 13.6, kilo 139 kwa sentimita. Mzigo uleule unaizamisha B sentimita 9 na A karibu 13.

Sentimita 13 si kitu kwa macho, ila kwa katamarani ni nyingi. Boriti zinashuka karibu na mawimbi, na bahari ikichafuka maji hugonga chini ya sitaha mpaka meno yanauma. Usukani unakuwa mzito. Kasi inayosifiwa inapotea yote, na inabaki boti pana isiyobisha na isiyokimbia. B ikizidishiwa kilo 300 hulalamika kidogo na kuendelea.

Anayejijua kwamba atabeba jenereta, mtungi wa kupigia mbizi na friji asinunue katamarani ya mita 10. Achukue bodi moja, au aongeze urefu hadi mita 12 na fedha zake.

Wiki ya 6: kupinduka

Bodi moja yenye farumi ikilazwa na upepo hurudi yenyewe. B ina farumi ya kilo 1,400 katika kilo 3,600. Katamarani haina cha kuirudisha: ikipita mahali pake inabaki miguu juu, ingawa ya mbao huelea. Hilo halipambwi. Linahesabiwa.

A ikiwa na mzigo wote ni kilo 3,200. Kutoka katikati ya bodi moja hadi katikati ya nyingine ni mita 3.9, nusu yake 1.95. Nguvu ya kuizuia isipinduke ni 3,200 × 1.95, yaani 6,240. Matanga ni mita za mraba 48, kitovu chake mita 4.6 juu. Upepo hukandamiza kila mita ya mraba kwa kilo 0.076 zikizidishwa kwa kasi mara kasi, kwa mita kwa sekunde. Linganisha pande mbili: mita 19.3 kwa sekunde, noti 37, ndipo bodi ya upande wa upepo inapoacha maji, matanga yote yakiwa juu na bahari ikiwa shwari.

Dhoruba ya ghafla huzidi upepo wa kawaida kwa nusu yake, na nguvu hukua kwa mraba. 37 gawa kwa 1.5 ni 25. Toa tena kwa ajili ya mawimbi. Amri ya mradi: tanga linapunguzwa mara ya kwanza upepo ukifika noti 18, mara ya pili noti 24, bila kujadiliana. Kwenye bodi moja boti inakuambia kwa kuinama. Katamarani iko kimya, kwa hiyo kipima upepo si pambo, na kinachosomwa ni upepo unaohisiwa juu ya boti. Ukikimbia na upepo wa tezi kwa noti 7, upepo wa noti 22 unaonekana 15. Ukigeuka tu, zinakurudia zote.

Kitu ambacho wengi hawakitarajii: A ikiwa tupu, na watu wanne peke yao, inainuka kwa noti 32 badala ya 37. Mzigo unaoiharibia kasi ndio uleule unaoishikilia.

Wiki ya 7: ukaguzi wa A, na uamuzi

Bodi ya kushoto imegongwa kwa mpini wa bisibisi kila sentimita 10, kutoka omo, mbele, hadi tezi. Mbao nzima hutoa mlio mkavu. Karibu na kitako cha boriti ya nyuma mlio ulikufa, kama kugonga boksi lililolowa. Ncha ya bisibisi ilizama sentimita moja bila kusukumwa, ikatoka na nyuzi nyeusi zenye harufu ya uyoga. Eneo ni sentimita 40 kwa 15. Sababu yake iko juu yake: tundu la kutolea maji ya mvua limezibwa na rangi, maji yakatuama. Boti ya mbao haiozi kwa chumvi, huoza kwa mvua.

Dawa yake inajulikana. Kata hadi mbao safi, sentimita 5 zaidi ya unapoona uozo. Chonga kingo kwa uwiano wa 8 kwa 1, yaani plaiwudi ya milimita 9 inapata mteremko wa milimita 72, ili gundi ipate eneo. Epoksi ipimwe kwa mzani, si kwa macho, na kwa joto letu usichanganye zaidi ya gramu 200 kwa mara moja. Ikikaa kwenye kikombe huchemka na kuganda mkononi. Imwage kwenye sinia pana mara tu ikichanganyika.

Zaidi ya hapo bodi zote ni nzima. A imechaguliwa. Mahali pa kulala ndani ya mwamba, kalenda ya kaskazi na kusi, na kupwelewa bila machela ndivyo vilivyoamua. Sharti moja limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la boti: kila kinachopanda kinapimwa kwa mzani, na kilo 1,200 ndiyo mwisho.

Kazi iliyo mbele

Kamba zote za boriti zinabadilishwa. Ni poliesta ya milimita 8, si nailoni, maana nailoni huvutika na boriti zitacheza. Kila kiungo mizunguko 6, kisha minne ya kukaza katikati, ikivutwa kwa winchi ya mlingoti. Zilizopo zina unga mweupe mahali zinaposuguana na zinalia boti inapopita wimbi, dalili kwamba zimelegea. Viungo ni sita, kamba mita 12 kila kimoja, jumla 72, imenunuliwa 80. Kiungo kimoja kinafunguliwa na kufungwa kabla ya kugusa cha pili. Kilele cha bamvua ni Alhamisi, boti inapanda Jumanne, siku mbili kabla.