Mstari chini ya jina

Umoja, Nairobi, Jumanne usiku. Mvua haijakatika tangu saa kumi, na Mama alilala mapema.

Nina daftari la chama chake mezani. Kila mwezi huandika majina yote, kisha huchukua rula na biro nyekundu, akawapigia mstari wale ambao hawajatoa mchango. Aliniomba nimrahisishie kazi, nami nikaandika programu ndogo ya terminali, lile dirisha la kompyuta la kuandikia amri. Hesabu ilikwisha chai ikiwa bado moto. Mstari ndio ulionikalisha hadi saa sita.

Terminali haina rula. Hupokea herufi moja baada ya nyingine, kwa hiyo mstari nao hutumwa kama herufi: ile ya eskepu, namba 27, ikifuatwa na [4m. Kwenye printf, amri ya kuchapisha maandishi, naandika \033[4m (033 ni hiyo 27 kwa hesabu ya msingi wa nane), kisha jina, kisha \033[24m ya kuukomesha. Mara ya kwanza nilisahau hiyo ya mwisho. Majina yote yaliyofuata yakapigiwa mstari, hata ya waliolipa tarehe mosi, ukateremka hadi pale ninapoandika amri. Iliniuma. Chamani mstari chini ya jina la mtu si pambo; husomwa mbele ya wenzake.

Ningeweza kufunga kwa \033[0m, ila hiyo hufuta na rangi na wino mzito pia. Mimi nataka mstari tu uondoke. Nikaongeza na sharti la [ -t 1 ], linalouliza kama maandishi yanakwenda kwenye terminali, ili orodha ikienda kwenye faili badala ya skrini, alama hizo zisiandamane na majina.

Mama aliamka kunywa maji, akasimama nyuma yangu. Alikuwa mpiga chapa mjini miaka mingi. "Sisi tulikuwa tukipiga neno, tunarudi nyuma, tunapitisha kistari palepale," akasema.

Nikamwonyesha kwamba njia yake haijafa. Herufi, \b ya kurudi nyuma, halafu kistari cha chini: terminali yenyewe hufuta herufi ikabakiza kistari, lakini ukiipitishia less, programu ya kusomea maandishi ukurasa kwa ukurasa, herufi hutokea imepigiwa mstari. Nikaandika jina lake hivyo. Akaliangalia kwa muda, akavuta kiti.

"Sasa mtolee mstari mama mboga wa getini," akasema. "Alituma M-Pesa jioni."