Jeni "inayoongeza niuroni mpya": imeziongeza katika hatua ipi?

Kila ninapokuta sentensi kwamba jeni fulani inaongeza niuroni (seli za neva) mpya kwenye ubongo uliokomaa, nauliza: katika hatua ipi? Niuroni ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, haizaliwi ikiwa tayari. Idadi yake inaweza kupanda kwa sababu seli shina (zile zinazogawanyika na kuzaa niuroni) nyingi zimeamka, au kwa sababu chache zimekufa njiani. Ukihesabu mara moja tu, huwezi kujua ni ipi.

Seli shina nyingi za hipokampasi zimelala, na zinazozilaza ni ishara za Notch, njia ya mawasiliano kati ya seli, kupitia protini za Hes1 na Hes5. Protini ya Ascl1 huziamsha; iondoe, nazo haziamki. Baada ya kugawanyika, protini ya Huwe1 huipeleka Ascl1 ikavunjwe, na hapo ndipo baadhi ya seli hupata nafasi ya kurudi usingizini. Zinazoendelea mbele huwasha jeni ya Tbr2, kisha NeuroD1 na Prox1. Zikiwa changa huonyesha DCX, protini ya niuroni changa, kwa panya kama wiki tatu hivi, halafu NeuN, protini ya niuroni zilizokomaa. Nyingi hufa kabla ya kufika huko, na protini ya Bax ni mmoja wa wauaji wakuu.

Sasa tazama RBPJ, protini inayofikisha ujumbe wa Notch kwenye DNA. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 ziliizima katika seli shina za panya waliokomaa. Mwanzoni niuroni ziliongezeka. Baadaye akiba ya seli shina ikaisha na uzalishaji ukaporomoka. Anayehesabu mapema ataandika kwamba Notch inazuia niuroni, anayehesabu baadaye ataandika kwamba inazilinda, na hesabu za wote wawili ni sahihi. Ukiondoa Bax, hali ni tofauti: niuroni huongezeka kwa sababu hazifi, si kwa sababu seli shina zimeamka.

Kwa hiyo gawa wanyama makundi mawili. Wote wapewe BrdU, kemikali inayoingia kwenye DNA ya seli zinazogawanyika na kuzitia alama, kwa panya wadogo kwa kawaida miligramu 50 hadi 150 kwa kilo ya uzito. Kundi la kwanza lichunguzwe baada ya saa 2, upate mgawanyiko. La pili baada ya wiki 4, pamoja na NeuN, upate zilizosalimika. Kata ubongo vipande vya mikromita 40, hesabu kila cha sita katika urefu wote wa hipokampasi, kisha zidisha kwa 6. Usiishie sehemu ya mbele tu, maana mbele na nyuma hazifanani.

BrdU haionekani mpaka nyuzi za DNA zifunguliwe: asidi hidrokloriki ya 2N, nyuzijoto 37, dakika 30. Ukipitisha muda, vipande hulegea na alama nyingine hufifia. Ukipunguza, kingamwili (protini inayotumika kuitambua) haiifikii BrdU na utahesabu pungufu. EdU, kemikali nyingine ya aina hiyo, haihitaji asidi, na mimi naipendelea pale kingamwili nyingine zinapokuwa dhaifu.

Kuhusu kuzima jeni kwa Nestin-CreERT2 na tamoksifeni (Cre ni kimeng'enya kinachokata jeni ndani ya seli shina pale dawa ya tamoksifeni inapotolewa), kosa linaloniuma zaidi ni kuwanyima tamoksifeni panya wa kulinganishia. Dawa hiyo yenyewe inaweza kubadili mgawanyiko wa seli, kwa hiyo wote waipate. Weka pia wachache wenye Cre waliopewa mafuta matupu yasiyo na tamoksifeni, uone kama Cre inavuja, yaani inakata bila dawa. Na seli ikiwaka tdTomato, protini nyekundu inayoonyesha kwamba Cre imefanya kazi, usidhani jeni yako imeshakatwa: kipande cha tdTomato huenda kikakatika kirahisi kuliko nakala zote mbili za jeni unayoilenga. Pima protini yenyewe ndani ya seli zinazowaka.

Mwisho, linganisha ndugu wa uzao mmoja. Tangu 1997 inajulikana kwamba koo za panya hutofautiana zenyewe katika kuzaa seli na katika kuzihifadhi, kwa hiyo panya wa ukoo wa C57BL/6 ukimlinganisha na mchanganyiko wenye damu ya ukoo wa 129, tofauti utakayoiona huenda haitokani na jeni yako hata kidogo.