Mkutubi na Ufa wa Chuma

Mwezi wa kwanza wa utafiti wangu wa uzamili uliliwa na neno moja. Mada yangu ni uchovu wa metali, yaani jinsi ufa mdogo kwenye chuma unavyorefuka kila mzigo unapowekwa na kuondolewa, mpaka siku chuma kinakatika. Niliandika "fatigue" kwenye Google Scholar, nikaletewa wauguzi wa zamu ya usiku na madereva wa masafa marefu. Muhtasari mmoja niliusoma hadi katikati kabla sijang'amua kwamba aliyechoka ni binadamu.

Msimamizi wangu akanituma kwa mkutubi wa uhandisi. Nilikwenda shingo upande. Kwangu mkutubi alikuwa mtu wa kugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu.

"Funga hiyo kompyuta kwanza, mwanangu. Unatafuta nini hasa?"

Nikaeleza. Akachora safu tatu kwenye karatasi: kitu chenyewe, kinachokipata, na namna kinavyopimwa. Chini ya kila safu nikajaza majina yote ambayo mwandishi mwingine angeweza kuyatumia. Majina ya safu moja huunganishwa kwa "OR", safu kwa safu kwa "AND". Kisha akanihamishia Compendex, kanzidata ya uhandisi ambayo makala zake hupewa istilahi rasmi, hivyo hata aliyeandika kwa msamiati wake mwenyewe bado anapatikana. Maelfu yakashuka hadi mamia, na mamia yanasomeka.

Kazi niliyoifurahia zaidi ilikuwa kurudi nyuma kwa kufuata marejeo. Karibu kila makala iliwataja Paris na Erdogan, watafiti walioandika mwaka 1963 kuhusu namna ufa unavyokua. Nao walikuwa wakiendeleza makala ya 1961, ambayo Paris aliiandika na Gomez na Anderson, ikatoka katika jarida dogo la Chuo Kikuu cha Washington baada ya majarida makubwa kuikataa. Mtandaoni sikuipata. Mkutubi akanijazisha fomu ya kuazima kutoka maktaba nyingine, na baada ya siku kadhaa nakala iliyoskaniwa ikaingia kwenye barua pepe yangu. Niliisoma nikicheka peke yangu. Kumbe hata hawa walikataliwa!

Viwango navyo vina mlango wao. Nilikuwa nimeisaka ASTM E647, kiwango cha shirika la ASTM kinachoeleza namna ya kupima kasi ya ufa kukua, nikiitafuta kama vile ni makala. Si makala, huuzwa na shirika lenyewe, na maktaba yetu ilikuwa imeshalipia. Mkutubi akanionya niandike toleo nililotumia, kwa kuwa tarakimu zinazofuata kistari kwenye namba ya kiwango ni za mwaka na utaratibu hubadilika.

Zotero, programu ya kukusanya na kupanga marejeo, niliikubali nikiwa nimechelewa, baada ya kuandika marejeo kwa mkono kama adhabu. Inasaidia sana, ila kila inachokivuta lazima ukikague: majina mengine huja kwa herufi kubwa tupu, marejeo mengine bila mwaka. Usiku wa kuamkia kuwasilisha tasnifu niligundua kwamba BibTeX, programu inayopanga orodha ya marejeo, ilikuwa imeshusha herufi kubwa kwenye vichwa vya makala, Paris akawa "paris" mara kumi na moja. Dawa yake ni kulifunga jina ndani ya mabano ya mawimbi. Nilifunga yote kumi na moja, nikachapisha upya.