Kalsiamu niliyoisahau

Jana nilipoteza siku nzima maabarani kwa kosa la kuaibisha. Nilikuwa nikitumia aneksini V ya binadamu, protini inayozalishwa ndani ya bakteria waliopandikizwa jeni yake, kisha ikaunganishwa na rangi ing'aayo, ili nizitambue seli zilizoanza kujiua kwa mpangilio. Seli ya namna hiyo huitoa nje fosfatidilserini, mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wake, na aneksini huyanasa pale tu penye kalsiamu. Mimi nilizisuuza seli kwa maji yenye EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu, na zisipong'aa nikaanza kumlaumu muuzaji wa aneksini (bure kabisa). Leo nimetumia bafa (mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kubadilika) yenye kalsiamu ya milimola 2.5 kwa lita, na seli zimeng'aa.