Nilivyofufua matete yaliyoungua na jua, Chanika

Vuli ikikatika mapema, jua la Januari na Februari huacha matete ya kulishia ng'ombe huku Chanika yakiwa vijiti. Robo eka yangu, kichanga kitupu, ilifika hapo. Nilishauriwa ning'oe nipande upya. Sikung'oa, maana nyasi kukauka majani si kufa.

Nilifukua mashina kumi, huku na huku, nikayapasua kwa kisu pale yanapogusana na udongo. Shina likiwa jeupe, gumu na lenye majimaji, li hai. Likiwa la kahawia na linafikichika, limekwisha. Saba yalikuwa hai, kwa hiyo shamba lilikuwa bado lipo.

Jua lilipokuwa bado kali sikufyeka mpaka chini. Niliacha visiki vya sentimita 15 hadi 20, kwa sababu akiba ya chakula cha nyasi hukaa hapo na mizizini. Katikati ya mistari nilitandaza majani makavu, unene wa vidole vinne, nikiyaweka mbali na shina ili mchwa wasihamie. Kichanga kikiwa wazi hupata moto mkali na kuunguza mizizi ya juujuu.

Masika yalipoanza ndipo penye hatari kubwa. Majani ya kwanza hutoka kwa ile akiba. Ukiyakata yakiwa urefu wa kiganja, shina halina tena pa kuchota. Mashamba mengi yanayosemekana yameuawa na ukame yameuawa na panga la wiki ya pili ya mvua: ng'ombe ana njaa, kijani kinaonekana, mtu anakata. Ni heri kununua mabua ya mahindi wiki hizo, hata kama bei inauma.

Mbolea pia nilichelewesha. Nilisubiri udongo ulowe kina cha sentimita 15 na machipukizi yawe na majani kadhaa, nikaweka urea kilo 12 kwenye mfereji mfupi kandokando ya mstari, nikafukia. Urea iliyoachwa juu ya ardhi yenye joto hupotea hewani ikiwa gesi ya amonia. Samadi iliyoiva niliweka debe moja kwa mashina matatu. Kwenye mapengo nilichomeka vipande vya vifundo vitatu, vikiwa vimeinama upande, vifundo viwili ndani ya udongo.

Mkato wa kwanza ulisubiri hadi matete yafike mita moja hivi, nikaacha tena sentimita 15. Nyasi inayoamka ghafla baada ya ukame hujaza naitreti (chumvi ya nitrojeni inayotoka udongoni), hasa sehemu ya chini ya shina, na urea huzidisha. Ng'ombe mwenye njaa akishiba hiyo, damu hushindwa kubeba oksijeni na hugeuka rangi ya chokoleti. Anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo siku za mwanzo nilichanganya nusu kwa nusu na majani makavu, na ng'ombe walianza kula makavu kabla ya mabichi.